Siku Saba Mwaloni Bila Moshi

Agutu Odoyo hakuwahi kwenda msibani akakaa nyuma. Akifika tu, hata kama marehemu alimwona mara moja stendi, wenye msiba wanampisha mkeka wa mbele, wanamshika mkono, wanamwambia, "Pole mama, Mungu ndiye anayejua." Ni macho yake. Miaka thelathini na moja ya kubanika samaki ilikuwa imemwachia macho mekundu yanayotiririka machozi saa zote, na yeye hakuwa na tabia ya kukataa heshima. Anakaa mbele, anapokea chai ya kwanza, anajifuta kwa kanga, halafu tukiwa njiani kurudi ananiuliza, "Hivi Prudencia, aliyekufa alikuwa nani?"

Prudencia ndiye mimi. Mhaya, ndiyo, na msianze, utani wote nimeshausikia. Tanuri langu na la Agutu yanapakana, pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa mitumbwi ya samaki inapotua, chini ya Pasiansi, na kwa miaka kumi na minne moshi wake umekuwa ukiingia kwangu asubuhi, wangu unaingia kwake upepo ukigeuka. Agutu alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wabanikaji. Mimi katibu, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Watu wote walimwita Mama Princess, kwa jina la binti yake aliyeolewa Musoma. Mjaluo wa Shirati, Msabato wa kuzaliwa. Wiki nzima alikuwa anabanika kambare na hajawahi kuonja hata mkia, maana samaki asiye na magamba kwao haliwi. "Mimi nawauzia wenye dhambi," alikuwa anasema. "Watajibu wenyewe."

Sasa mwaka jana, mwezi wa pili, kile kikohozi kilichokuwa kinamtembelea asubuhi kikahamia moja kwa moja. Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye miwani, akaangalia picha ya kifua, akamuuliza kwa adabu zote, "Mama, unavuta pakiti ngapi kwa siku?"

Nyie! Msabato aulizwe pakiti! Agutu alisimama, akachukua picha yake, akataka kuondoka. Nikamkalisha, nikaeleza kazi yetu. Daktari akasikiliza, akaandika, halafu akasema bila kuzunguka. Mapafu yamechoka. Yaliyoharibika hayarudi, yaliyobaki yanaweza kuokolewa. Ama mama aache moshi, ama tanuri lake lijengewe bomba la kupeleka moshi juu. Akiendelea hivi hivi, mwaka mmoja mbele hataweza kunyanyua ndoo ya maji.

Tulipotoka nje akanikunjia ile karatasi ya daktari mkononi. "Iweke kwenye mafaili yako ya katibu. Na mtu yeyote asijue."

"Kwa nini asijue?"

"Mtu akisikia mbanika samaki anakohoa atasema ni moshi? Thubutu! Atasema TB. Nani atanunua samaki waliokoholewa na mtu wa TB?"

Ningekuwa mteja, hata mimi ningehamia meza ya jirani. Kuacha kazi hakuweza, maana hakuna aliyekuwa anamlisha. Na fundi tuliyemuuliza habari ya bomba alitaja laki saba, matofali ya kuchoma, saruji na bati, akiangalia pembeni kama mtu anayejua anaulizwa kwa ajili ya kuulizwa tu.

Mwezi wa nne ndipo serikali nayo ikaja na bomba lake.

Kanuni mpya za moshi zililetwa na afisa mazingira, binti anaitwa Winnie Shimba, mpole, amevaa raba nyeupe. Raba nyeupe, mwaloni kwetu! Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee Renatus Mutayoba, ambaye ni ndugu yangu kwa kabila lakini si kwa akili, akaitisha mkutano ili wananchi watoe maoni. Winnie akasoma. Kila tanuri lililo karibu na makazi liwe na bomba la mita tatu ndani ya siku tisini. Asiyeweza, afunge.

Aliyesimama wa kwanza ni mwalimu Chenge. Huyu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ana ghorofa yake pale juu ya mawe, na moshi wetu wote, ukishatoka kwetu, unakwenda kupumzika kwenye mapazia yake. Kwa miaka sita alikuwa ameandika barua kumi na tisa za malalamiko kwa mzee Mutayoba, kila moja na tarehe na saa moshi ulipoanza. Siku hiyo alikuja na karatasi kubwa, akaibandika ukutani, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika GHARAMA, upande wa pili FAIDA.

"Ndugu zangu," akasema, "tuwe watu wa hesabu. Gharama ni bomba, mara moja tu. Faida ni kila siku. Watoto hawakohoi, wazee hawakohoi, siku za kulala hospitali zinapungua. Kanuni hii inajilipa yenyewe ndani ya miaka miwili."

Kusema kweli alikuwa anasema mambo ya maana. Hilo ndilo lililoniudhi.

Agutu akasimama. Akafunga kanga vizuri. "Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba." Walikuwa rika moja, lakini mwalimu aliipokea.

"Bomba laki saba. Tuko wabanikaji thelathini na wawili. Mimi nikijenga bomba, nitapandisha bei ya samaki. Wewe utanunua?"

"Nitanunua. Uhai hauna bei, Mama Princess."

"Basi Ijumaa iliyopita kwa nini uliniomba nikupunguzie elfu moja kwenye sangara?"

Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Agutu hakumwachia nafasi. "Upande wako wa faida umeandika mapazia?" Mwalimu akasema hapana. "Andika. Na upande wa gharama andika ada ya shule ya watoto wa wanawake thelathini na wawili. Moshi huu ndio umesomesha. Walio ofisini leo wanaotuandikia kanuni, nusu yao wamesomeshwa na moshi wa mama zao. Sasa wamefika juu, moshi unawakera!"

Vigelegele. Hata Winnie alitabasamu akiangalia chini. Agutu akakaa, akavumilia kama dakika mbili, halafu akainuka taratibu akatoka. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya ukuta wa ofisi ya mtaa, ameinama, anashikilia magoti, anakohoa ndani ya kanga ili wasimsikie wale waliokuwa bado wanampigia makofi.

"Umeshinda," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye mpaka nikataka kumpiga. "Sasa mwenye karatasi ya daktari ni nani, mwalimu Chenge?"

"Nyamaza, Mhaya wee. Nipe maji."

Tuliporudi ndani Winnie alikuwa anafunga mkutano. Akasema kabla ya utekelezaji italetwa mashine ya kupima hewa, ikae siku saba katika kila mwalo, mialo mitatu. "Tunapima ili tujue tuanzie wapi." Mtu akauliza, kuanzia nini? Winnie akaangalia raba zake. "Kuanzia kazi," akasema, akachukua mkoba wake.

Hapo nani alihitaji kuelezwa? Serikali ikija kupima, inapima ili ifunge. Tulirudi matanurini tumenuna, na Agutu ndiye aliyetoa wazo, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Hivi nyie mmekuwa watoto? Mgeni wa serikali anakuja. Mgeni akija nyumba inafanywaje?"

Inafagiliwa. Kila mtu alijua. Siku walipokuja wakubwa kuzindua bomba la maji la mtaa, tulipaka chokaa mawe yote mpaka barabarani, tukaazima viti vya mwalimu Chenge, na kwa sababu maji yenyewe hayakuwa yamefika, akina mama wanne walikaa nyuma ya ukuta wakijaza tangi kwa ndoo. Mgeni rasmi akafungua, maji yakatoka, akanawa uso, watu wakapiga picha. Mpaka leo bomba lile limekauka, lakini picha ipo. Hiyo ndiyo adabu tuliyokulia. Hatumwonyeshi mgeni uchafu wetu.

Basi mimi, katibu, nikaandika kwa mkono wangu zamu za kufagia, na chini nikaandika kwa herufi kubwa: KUANZIA JUMATATU MPAKA JUMAPILI NI MARUFUKU KUWASHA TANURI. Ningejua, ningekata mkono huo.

Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe juu ya mlingoti, kidogo tu. Haikuzidi kasha la redio. Lakini heshima iliyopata! Tulimwagia maji pale chini vumbi lisipande. Mzee Mutayoba akipita alikuwa anavua kofia. Mwalimu Chenge aliombwa asiwashe pikapu yake inayotema moshi, akakubali kwa furaha, akasema kwa mara ya kwanza anaona mwalo una watu waliostaarabika. Samaki tuliwauza wabichi kwa bei ya kutupa, na wengine waliharibika tukawazika kwenye mchanga. Siku saba za hasara. Tukajifariji kwamba ndiyo gharama ya kubaki na kazi.

Sasa sikilizeni kilichonitokea mimi, mtu mzima. Siku ya tatu niliamka nikasikia harufu ya ziwa. Miaka kumi na minne niko pale, sikuwa najua kama ziwa lina harufu. Na Agutu? Siku ya nne alilala usiku mzima bila kuketi. Siku ya tano macho yalianza kuwa meupe. Jumamosi alikwenda kanisani, akapanda zile ngazi zote bila kusimama njiani, akaimba wimbo mpaka ubeti wa mwisho, akaja kuniambia kama msichana aliyeposwa.

"Prudencia, nimeimba mpaka mwisho!"

"Hongera."

"Usinihongere. Sikiliza. Mwalimu Chenge yuko sahihi." Aliangalia huku na huku kabla ya kusema. "Ile hesabu yake iko sahihi. Matokeo yakitoka, wakituacha tuendelee, mimi nitasimama niseme bomba tujenge. Tutachangishana, tujenge mojamoja, hata kama ni miaka miwili. Na nitawasomea ile karatasi ya daktari. Waseme TB wakitaka."

Nililia. Sioni aibu kusema, nililia pale pale.

Baada ya wiki tatu Winnie akarudi na mgeni rasmi kutoka mjini na turubai na viti. Raba zake zilikuwa bado nyeupe. Akasimama akatangaza kwamba katika mialo mitatu, mwalo wetu umeonekana una hewa safi kuliko yote. Safi kuliko hata pale ofisini kwao! Tukarukaruka. Mzee Mutayoba alipiga kigelegele, mwanaume mzima. Mgeni rasmi akanyanyua cheti kimetiwa fremu, Cheti cha Mwalo wa Mfano.

"Kwa hiyo," Winnie akaendelea, akisoma, "matanuri thelathini na mawili ya kisasa yenye mabomba, yaliyotolewa na wafadhili bila malipo, yatapelekwa kwenye mwalo uliobainika kuwa na hewa chafu zaidi."

Mtu aliyekuwa anapiga ngoma alipiga mara mbili zaidi, akaacha.

"Samahani," nikasema. Sikuomba ruhusa. "Hiyo ya matanuri ya bure mbona hukusema mkutanoni?"

Winnie alikuwa anataka kulia, namwona mpaka leo. "Tulikatazwa, mama. Mahali pengine tulisema mapema, watu wakachoma matairi chini ya mashine ili wapate. Tukaambiwa safari hii tunyamaze, tupime ukweli."

Ukweli! Wao wametuficha ili wapate ukweli, sisi tumewaficha ili tusipate adhabu, na mashine katikati imepima siku saba za ufagio.

Jina la Agutu likaitwa apokee cheti. Akaenda mbele pole pole. Macho yalikuwa yamesharudi kuwa mekundu, maana tulikuwa tumewasha tena wiki tatu nzima. Akashika kipaza sauti. "Hiki cheti si chetu. Tulizima matanuri. Tuliwadanganya. Hapa kuna moshi, na mimi unaniua. Karatasi ya daktari ipo, katibu anayo."

Halafu mgeni rasmi akasimama, akaanza kupiga makofi. "Mmeona unyenyekevu wa mama huyu?" akasema. "Mmeona uzalendo? Wamezima matanuri kwa hiari yao ili kulinda hewa yetu!" Na watu, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Cheti akakabidhiwa, picha ikapigwa, chakula kikaliwa. Samaki wa kubanika.

Nikamvuta Winnie pembeni, nikampa ile karatasi, aisome. Akasoma mara mbili. Akasema ripoti imeshapelekwa juu, na kipimo kingine kitafanyika mwakani, mwezi wa saba, mwaka mpya wa fedha ukianza.

"Na mapafu nayo niyaambie yasubiri mwaka wa fedha?" Agutu akamuuliza, bila ukali.

Tulibaki na njia moja. Barua za mwalimu Chenge! Kumi na tisa, zina tarehe, zina saa, zimeandikwa na msomi asiyetupenda. Ushahidi gani mzuri kuliko wa adui yako? Kwa mzee Mutayoba hatukuzipata, alikuwa anafungia karanga za mkewe. Lakini mwalimu wa hesabu haandiki barua bila nakala. Tukapanda mawe, Agutu akipumzika kila hatua kumi.

Getini tukakuta kibao kipya: NYUMBA INAPANGISHWA. HEWA SAFI YA ZIWA, IMETHIBITISHWA NA SERIKALI.

Mwalimu alitukaribisha vizuri, akatupa soda. Tukaeleza shida. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Moshi?" akasema. "Moshi gani, mama zangu? Serikali imepima." Nyuma yake mapazia yalikuwa ya kahawia. "Nina mpangaji anakuja, mtu wa shirika, kodi nzuri sana. Mimi tangu mwanzo niliwaambia tuwe watu wa hesabu."

Agutu alimwangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na mwalimu akafunga dirisha.

Zile siku tisini zilipita. Wale wa mwalo wa hewa chafu walijengewa matanuri yao. Sisi hakuna aliyetujia. Nani afunge mwalo wa mfano? Aandike nini kwenye ripoti? Tuliendelea kubanika bila bomba na bila bughudha, cheti kinatulinda tusije tukaokolewa. Tulikitundika juu ya tanuri la Agutu. Kufikia Krismasi maandishi yalikuwa hayasomeki. Kufikia Pasaka, kama alivyosema daktari, ndoo ya maji ikawa inabebwa na mimi.

Mwezi wa saba mashine ikarudi. Safari hii hatukufagia. Tuliwasha matanuri yote thelathini na mawili kwa kuni mbichi, na mwalimu Chenge akashuka mbio kutuomba tuzime, mpangaji wake anahama. Winnie alisema kipimo kilifika mwisho kikagoma kwenda mbele. Alikuja na raba nyeusi, kajifunza. Mwezi wa kumi na moja matanuri yakaja, mazuri, yana milango, mabomba yanapeleka moshi juu mpaka mwenyewe unasahau kama unabanika. Namba moja limeandikwa kwa rangi nyekundu: AGUTU ODOYO.

Princess alikuja kumchukua ampeleke Musoma. Agutu akakataa. Masharti yanasema mwenye tanuri awepo mwenyewe kazini, asipokuwepo linarudishwa. Basi kila asubuhi analetwa na bodaboda, anakaa kwenye kigoda upande usio na moshi, hata sijui anaukwepa moshi gani, maana haupo. Mimi nahudumia matanuri mawili, langu na lake, na pesa ya lake nampa. Macho yake sasa ni meupe kabisa. Anaona mpaka mkia ulioungua kwenye chanja langu la tatu, na hakosi kunitangaza kwa wateja kwamba Wahaya samaki tumejifunzia ukubwani.

Wiki iliyopita tulikwenda msibani huku Igoma. Walimtazama usoni, wakaona mama mwenye macho makavu, wakatuonyesha nafasi nyuma kabisa karibu na masufuria. Chai ilitufikia imeisha. Tuliporudi nilimshika mkono, nikasubiri aniulize aliyekufa alikuwa nani, nilikuwa na jibu lake tayari. Hakuuliza. Siku hizi hawezi kuongea na kutembea kwa wakati mmoja, na barabara ilikuwa bado mbali.